Birago Hakupigiwa Kengele

Yaw Adofo hakuomba mengi kwa Mungu wa wamisionari. Aliomba kuzikwa na mkewe.

Kwa watu wa milima ya Kwahu hilo si ombi dogo. Mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mke akifa, kaka zake huja kumchukua wakamlaza kwao. Mume akifa, wapwa zake humlaza kwao. Mtakula chungu kimoja maisha yenu yote, kisha kaburini mmekuwa wageni. Adofo alilijua hilo kuliko wengine, maana alikuwa mpiga ngoma wa chifu, na ngoma ndiyo iliyotangaza kila kifo, marehemu akatajwa kwa jina la sifa la ukoo wake. Alirudi kutoka misibani akamkuta Birago anatwanga fufu, jasho linamtoka, anaimba, naye akakaa kizingitini akimtazama.

Aliyemwonyesha njia nyingine ni Anane, mbeba ngoma wake. Ngoma zinazosema huwa mbili, dume na jike, na chifu akitoka, ngoma hizo hubebwa kichwani na watu wawili, mpigaji akawafuata nyuma akizipiga. Anane alizibeba mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Kisha akaanza kupanda mlimani, Salem, mtaa wa Wakristo. Akajifunza kusoma. Akabatizwa, akaitwa Nataniel.

"Bwana Ngoma," alimwambia Adofo siku moja. Adofo alikuwa anakunywa tembo, Nataniel anakunywa maji. "Kule juu mume na mke hulazwa pamoja. Bega kwa bega. Nimeliona kwa macho yangu kaburi la katekista na mkewe."

"Na kaka za mke wakija?"

"Waje wafanye nini? Ukishabatizwa, ukoo wako ni kanisa."

"Unaniapia?"

"Mimi niliyekubebea ngoma, nikudanganye? Nitasimama mwenyewe niseme, hawa wawili wasitenganishwe."

Birago alipoambiwa alicheka mpaka mchi ukamtoka mkononi. "Kumbe hata nikifa hutaki nipumzike," alisema. Lakini alikubali. Alikuwa akimpenda.

Mchungaji wa wakati ule alisema ngoma ni chakula cha mashetani. Adofo akaacha zile za chifu. Zake mwenyewe, alizorithi kwa mjomba wake, akazibeba mpaka Salem, akaziweka uani. Zilichongwa kwa mti wa tweneboa, na mjomba aliuomba mti ule radhi kabla ya kuukata. Watu waliimba. Nataniel ndiye aliyeleta mafuta ya taa. Mbao zilishika moto upesi, lakini ngozi ya sikio la ndovu ilikaa muda mrefu ikijikunja kabla ya kuungua.

Chifu alipopata habari alisema neno moja. "Adofo amenitupa. Ngoma ya mji huu haitamtaja, yeye wala mtu wa nyumba yake."

Adofo hakuhuzunika sana. Salem ilikuwa na kengele. Wakristo wakifiwa, kengele hulia, na mji mzima chini husimama kusikiliza.

Wakabatizwa wote wawili, yeye akaitwa Filemon. Akapanda kakao. Wakajenga nyumba ya madirisha, wakaipaka chokaa. Nataniel naye alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa wazee wa kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada alipita kwao kula fufu kwa mchuzi wa mawese. Birago alimwekea mkia wa samaki, kipande alichokipenda.

Kisha mama yake Birago akafa, huko chini mjini. Birago alishuka kwao. Alinyoa nywele, akajipaka udongo mwekundu mikononi, akalala chini na dada zake, akamlilia mama yake kama wanawake wanavyolia. Aliporudi Salem, Nataniel alikuja Jumapili kama kawaida.

"Pole, dada. Mama amezikwa vizuri?"

"Vizuri mno, ndugu yangu. Tumelia mpaka sauti zimekauka. Wazee wamemwaga tembo, wamewaita mababu wote waje kumpokea."

"Na wewe ulikuwapo wakimwaga?"

"Ningekuwa wapi? Si mama yangu?"

"Kweli," alisema Nataniel, akasogeza bakuli aongezwe mchuzi.

Wiki haikwisha, Birago akaitwa. Asimame mbele ya kanisa, atubu matambiko. Birago aliwatazama wazee waliojipanga vitini.

"Nitubu kwa kumlilia mama yangu?" aliwauliza. "Ninyi mlizaliwa na nani?"

Wakamfungia Meza ya Bwana.

Jioni alikaa jikoni hajawasha moto. "Mume wangu, habari hizi nilimwambia mtu mmoja tu," alisema.

"Watu wanasema, Birago. Huko chini walikuwa wengi."

"Huko chini hawajui njia ya nyumba ya mchungaji."

Adofo hakutaka kusikia. Alimwendea Nataniel, na Nataniel akamshika bega. "Maneno tu hayo, yatapita. Na siku ikifika, mkuu wa wazee si mimi?" Adofo akarudi nyumbani amepona moyo. Birago akaendelea kumwekea Nataniel chakula, ila mkia wa samaki akawa anakula mwenyewe.

Hakutubu. Miaka ilipita, akaugua tumbo, akakonda, na mvua zilipokatika akafa alfajiri mkono wake uko ndani ya mkono wa Adofo.

Adofo alimfunika, akaenda kuomba kengele. Mchungaji alimkaribisha sebuleni. Nataniel alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti jeusi, Biblia magotini.

"Aliyetengwa hapigiwi kengele, Mzee Filemon," alisema mchungaji kwa upole. "Wala halali katika makaburi yetu. Inaniuma, lakini ndiyo sheria."

Adofo alimgeukia rafiki yake. "Anane. Sema."

Nataniel alifungua Biblia, akaifunga. "Sheria haina ndugu, Filemon. Angetubu tu."

"Hiki ndicho ulichoniahidi?"

"Niliahidi kwa Wakristo."

"Usimkasirikie," mchungaji akaingilia. "Huyu alimhangaikia mkeo tangu mwanzo. Ndiye aliyekuja kunieleza habari za matambiko yale, akiwa na uchungu mwingi."

Adofo aliinuka, akamtazama Nataniel.

"Na mchuzi wangu bado uko mdomoni mwako," alisema. Akatoka.

Ndugu zake Birago walikuwa wamefika na machela. Boakye, kaka mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, tumekuja kumchukua mtu wetu."

"Mchukueni. Nitafutieni tu ngoma imtangaze."

"Tumetoka kwa chifu. Huyu ni mwingine, lakini neno la aliyetangulia halijafutwa. Nyumba yako haitajwi." Boakye alitazama pembeni. "Ulikuwa na za kwako, shemeji. Ukazichoma."

Walimshusha mlimani. Walimzika ng'ambo ya kijito, kwenye makaburi ya ukoo wake. Kengele haikulia, ngoma haikulia. Mtu aliyechekesha mji ule aliingia ardhini kimya, kama kuku aliyekufa kwa kideri.

Adofo alirudi Salem. Chungu cha kusagia pilipili kilikuwa kimefunikwa pale Birago alipokifunika. Hakukifunua. Nataniel hakupita tena Jumapili.

Mpaka kanisa lilipokaribia jubilei yake. Alikuja mchungaji mpya, kijana, akasema ngoma si dhambi, Mungu asifiwe kwa vyombo vya kwetu. Zikachongwa ngoma mbili, dume na jike. Nataniel akaja na mkongojo wake, akasimama uani.

"Bwana Ngoma," alisema. Jina hilo hakuwa amelitumia tangu siku ya moto. "Hakuna mwingine anayejua kuzisemesha. Vijana wanazigonga tu, utadhani wanatwanga muhogo."

"Si mlisema zina mashetani?"

"Nyakati zimebadilika."

"Kwa hiyo mashetani yameokoka."

"Usinikejeli, Filemon. Utapiga au hupigi?"

"Nitapiga."

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka madirishani. Adofo aligusa mbao za ngoma, akaziomba radhi kwa moyo, kama mjomba alivyomfundisha. Kisha akaanza. Mikono haikuwa imesahau. Vijana waliingia katikati wakacheza, wanapunga leso, wanafurahi.

Wazee walisikia kingine. Mmoja aliacha kupiga makofi, kisha wa pili. Bibi mmoja aliweka mikono kichwani, kama msibani. Ngoma zilikuwa zinasema: Birago, mtoto wa Asona, wa ukoo wa kunguru, amelala. Amelala. Mumewe ndiye anayemtangaza. Walioahidi kumtangaza walinyamaza.

Nataniel aliyaelewa yote. Maneno yale yalipita kichwani mwake miaka mingi, akiyabeba. Alisimama.

"Mwambieni aache," alimwambia mchungaji.

"Kwa nini, mzee? Anapiga vizuri sana."

Nataniel alifungua mdomo. Wazee walioielewa ngoma walikuwa wakimtazama, wanangoja aseme ngoma inasema nini. Akaketi.

Adofo alimaliza. Aliteremka na zile fimbo mbili za kupigia, akaziweka magotini pa Nataniel, juu ya Biblia.

"Anane," alisema, "siku yangu ikifika, msiisumbue kengele."

Akatoka, vijana bado wanamshangilia. Siku hiyo hiyo alishuka mlimani na chungu cha Birago cha kusagia pilipili, akaenda kuishi kwa dada yake mjini. Alipokufa, wapwa zake walimzika kwenye makaburi ya ukoo wake, upande huu wa kijito. Kijito chenyewe ni chembamba, hata mbuzi hukiruka.

Birago yuko upande ule.