Nilichangisha watu wa Tukuyu kwa ajili ya mgombea urais mpaka tukachoka wote

Wakuu, habari za saa hizi.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Nyuzi zenu nakula, zangu sitoi. Leo natoa hii moja kwa sababu nimeibeba muda mrefu na imeanza kunielemea.

Sitataja chama, sitataja mgombea, sitataja mwaka. Mods msiwe na wasiwasi. Na wale wa "hiyo ni chai", najua natoka Rungwe na chai tunalima kweli, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Twende taratibu.

Nina duka dogo la pembejeo Msasani, hapa Tukuyu mjini. Mbolea, mbegu, dawa za mifugo, mabomba ya kupulizia. Mke wangu Sekela ndiye anayejua bei, mimi ndiye ninayejua maneno. Kwa ajili ya hayo maneno chama kikanipa kazi ya kuratibu kampeni ya urais kwenye kata, na ndani yake kulikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote: kuchangisha.

Chama chetu hakina hela, wakuu. Juu wanatuma bendera na mabango, basi. Jukwaa, viti, mafuta ya pikipiki, chakula cha wageni, vyote vinatoka kwa watu wa hapahapa.

Na mwanzoni watu walitoa, jamani.

Harambee ya kwanza tulifanyia kwenye ukumbi mmoja Bulyaga. Watu walijaa mpaka wengine wakawa wanasikilizia dirishani. Mliokulia makanisani mnaujua mnada wa jogoo: mtu ananunua, anamrudisha, ananadiwa tena. Yule jogoo aliuzwa mara saba. Mara ya saba alishachoka kunyanyuliwa, amefumba macho, ukumbi mzima unacheka.

Kuna mama mmoja wa Ibighi, tunamwita Mama Tumpe, alikuja kwa mguu na mkungu wa ndizi kichwani. Alisema hana hela ila ndizi anazo, na kila wiki ataleta.

Bwana Shaibu, fundi cherehani mwenye spika za kukodisha, yeye babu yake alitoka Pwani na cherehani moja akazikwa hapahapa Tukuyu. Akasimama: "Spika zangu bure mpaka siku ya kura. Nikisema vingine mnishtaki."

Mwenyekiti wetu wa tawi ni Mzee Ambakisye, mkulima wa chai. Yeye alitoa malipo yake ya chai ya mwezi mzima. Hakutoa mbele za watu. Alinifuata nje akaniwekea mkononi.

"Mimi umri umekwenda, mwanangu. Nataka nimwone huyo mtu kwa macho yangu, nimuulize hii bei ya chai atatufanyia nini."

Nikamwambia, "Baba, utamuuliza. Nitakukalisha mbele."

Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama nimeota mabawa.

Baada ya wiki mbili kiongozi wetu wa kanda akanipigia simu. Mgombea anakuja Tukuyu Jumamosi. Changisheni.

Nikazunguka. Msasani, Ibighi, Bulyaga, nyumba kwa nyumba. Watu wakatoa tena. Ijumaa jioni jukwaa limesimama, kina mama wameshamenya ndizi beseni nne, ng'ombe ameshachinjwa. Simu ikalia.

"Ratiba imebadilika, kiongozi. Waambie watu wawe wavumilivu. Mnachobakiza mtume kanda, huku tuna upungufu."

Chakula tulikila wenyewe. Watu hawakununa sana. Walisema mambo makubwa ndivyo yalivyo. Nilichobakiza nikatuma.

Tarehe ya pili ikatolewa. Wakuu, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Michango ilishuka nusu, lakini ilikuja. Mzee Ambakisye akauza mbao za miti aliyopanda nyuma ya nyumba. Sikumwomba, aliniambia tu kwamba ameuza.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu na ule ukungu wetu wa kuingia mpaka kwenye mifupa. Watu wamejipanga kando ya barabara kuu tangu asubuhi, wengine na watoto mgongoni. Mchana magari yakatokea upande wa Mbeya, yana bendera zetu, taa zimewashwa. Tukapiga vigelegele. Mimi nikashika kipaza sauti cha Bwana Shaibu, nikaanza kupaza jina la mgombea.

Yakapita.

Hayakupunguza hata mwendo. Yakashuka kuelekea Kyela, yakatuachia maji ya barabarani kwenye nguo.

Mimi bado nilikuwa naongea kwenye kipaza sauti. Sijui nilikuwa nasema nini. Bwana Shaibu alikuja akazima spika taratibu, akaanza kukunja nyaya zake.

Nilipiga simu kanda mpaka chaji ikaisha. Usiku ndiyo nikapokelewa: "Walichelewa. Atarudi. Nitakupa tarehe nyingine, wewe endelea kuwaandaa watu."

Tangu siku ile mji ulibadilika.

Hakuna aliyenitukana, na nadhani ningetukanwa ingekuwa nafuu. Ukibisha hodi unasikia redio inazimwa. Mtoto anatumwa kusema baba kasafiri, na viatu vya baba viko mlangoni. Kwenye grupu la WhatsApp ukiweka neno "mchango", watu wanatoka mmoja mmoja kimyakimya. Bwana Shaibu nilipomfuata alikuwa anapima suruali ya mtu, hakuinua macho.

"Kaka, nilisema bure na nikasema mnishtaki. Basi nishtakini. Spika ni hela kwanza."

Harambee iliyofuata pale ukumbini walikuja watu kumi na wanne. Jogoo akanadiwa, ukumbi kimya. Mnadi akataja bei ya chini, kimya. Akashusha. Kimya. Ikabidi nimnunue mwenyewe, na hakuna aliyetaka nimrudishe anadiwe tena. Nilimbeba mpaka nyumbani.

Hela niliyomnunulia ilikuwa ya kuongezea mbolea ya msimu. Sekela alimwangalia yule jogoo, akaniangalia mimi.

"Baba Lusajo, wateja wanakuja wanauliza mbolea. Niwape huyu?"

Sekela si mtu wa kelele, akisema sentensi moja ujue ameikalia mwezi.

Sasa tarehe ya tatu. Napigiwa Jumanne, mgombea anakuja Alhamisi saa nane mchana, safari hii ni uhakika.

Jumatano alfajiri akafariki mama mzazi wa mwenyekiti wa chama pinzani kwenye kata yetu. Yule jamaa tumerushiana maneno kampeni nzima. Mazishi yakapangwa Alhamisi, saa nane hiyohiyo.

Mnaoijua Rungwe mnajua maana yake. Hapa msiba ni msiba. Duka linafungwa, jembe linalazwa, kila mtu anakwenda.

Nikakimbia kwa Mzee Ambakisye. Nilimkuta ameshavaa koti lake la suti, anafuta viatu.

"Baba, kesho anakuja kweli. Wewe ndiye mwenyekiti. Swali lako je?"

Akaendelea kufuta kiatu.

"Nkamu, ndugu yangu, rais tunachagua kila miaka mitano. Mama wa mtu anazikwa siku moja."

"Kwa hiyo nitabaki na nani uwanjani?"

"Hilo kawaulize waliokupa tarehe."

Alhamisi nilikuwa uwanjani na watu kama arobaini. Nusu yao ni bodaboda waliokuja kusubiri hela ya mafuta. Spika nilikodi kwa hela ya duka. Upande wa pili wa bonde tulisikia nyimbo za mazishi, zinakuja na upepo zinapotea.

Na mgombea akaja, wakuu. Safari hii akaja kweli, tena kwa wakati.

Nilimfikiria mtu mkubwa, nikaona mtu aliyechoka kuliko mimi. Macho mekundu, sauti imekauka, anamung'unya dawa ya koo. Aliangalia viti vitupu, akaniuliza pembeni kabla ya kupanda jukwaani:

"Ndugu yangu, watu wako wapi?"

Kiongozi wa kanda alishaanza kujibu, nikamuwahi. "Wako msibani, mheshimiwa. Na pia wamechoka. Hii ni mara ya tatu tunakuandalia."

Akashangaa. Hakuwa anaigiza, nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake.

"Mara ya tatu? Mimi Tukuyu nimepangiwa leo tu. Siku ile nilikuwa napita kwenda Kyela, niliona watu barabarani, nikaambiwa wanapunga mkono tu."

Nikamgeukia kiongozi wa kanda. Naye akaangalia simu yake.

Mgombea alihutubia dakika kumi hivi, akanishika mkono, akasema, "Pole, ndugu yangu," akaingia kwenye gari. Swali la Mzee Ambakisye sikuuliza. Nilisahau. Mpaka leo linaniuma.

Kiongozi wa kanda nilimshika kabla hajapanda gari lake. Nikamuuliza zile tarehe mbili alizitoa wapi. Hakukataa, hata aibu hakuwa nayo. Alikuwa na ule uchovu wa mtu aliyeshasema jambo hilohilo wilaya nyingi.

"Kiongozi, bila tarehe watu hawachangi. Ungetaka kampeni iendeshwe na nini?"

Akafunga mlango.

Nilikaa kwenye kiti kimojawapo, uwanja umebaki wangu. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilichokuwa nacho ni usingizi. Zile tarehe nilizisema mimi, kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango.

Nikavua fulana ya chama, nikabaki na shati nililovaa ndani yake, nikaenda msibani. Walikuwa wameshazika. Yule mpinzani wangu mwenyewe ndiye aliyenisogezea benchi. Akina mama wakaniletea sahani. Nikamkuta Mzee Ambakisye, nikamweleza yote, kwa sauti ya chini.

Alitafuna mpaka akamaliza kilichokuwa mdomoni.

"Sasa uwaambie. Wote."

Jumapili baada ya ibada nikaitisha mkutano wa tawi. Wakaja kumi na mmoja. Nikasimama, nikasema: tarehe mbili za kwanza hazikuwepo. Nilidanganywa, nikawadanganya. Hela ilikwenda kanda na hairudi.

Nilijiandaa kwa lolote. Kutukanwa, kupigwa, kudaiwa.

Mama Tumpe, yule wa ndizi za kila wiki, akajifunga kanga vizuri akasema:

"Mwanangu, sisi tulijua tangu magari yalipopita."

"Sasa Mama, mbona wewe uliendelea kuleta?"

"Ulikuwa unakuja mlangoni umelowa mvua. Ningekuambiaje? Ule mkungu wa mwisho niliutoa kwa kukuonea huruma wewe. Huyo mgombea nilishamwacha zamani."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya. Wakainuka, wakapanga viti, wakaondoka kwenda kwenye mashamba yao.

Wakuu, nilidhani mimi ndiye ninayewabeba wale watu. Kumbe kwa wiki kadhaa ni wao waliokuwa wamenibeba mimi, kwa hela zao za mboga.

Siku ya kura nilipanga foleni kama wengine, nikapiga. Nani nilimpa ni siri yangu. Nilirudi nikalala mchana kutwa, Sekela hakuniamsha.

Nafasi ya uratibu nimeirudisha kwa barua. Bado wananipigia, sasa hivi wanataka nichangishe kwa ajili ya "kujenga chama upya". Nimewauliza ujenzi unaanza lini. Bado hawajanijibu.

Nilichojifunza: hamasa ya watu ni kitu cha kutunza kama mbegu. Ukiila yote msimu mmoja, msimu unaofuata utapanda nini? Na usipeleke mlangoni kwa mtu ahadi ambayo hukuihakiki mwenyewe, hata kama aliyekupa ana cheo. Mlango ule utakuja kuubisha tena, kwa jambo lako, na aliyekupa ahadi hatakuwepo.

Siasa sijaichukia. Nimechoka tu.

Waliowahi kuchangisha, iwe kwa chama, kanisa, msikiti au harusi, mlifanyaje watu walipoanza kuwakimbia? Na aliyekuwa upande wa kanda na anaona nimemwonea, aje aseme, nitamsoma. Kujibu nitajibu polepole, dukani wateja wameanza kurudi.