Laini Niliyomsajilia Jirani

Mimi ni mdadisi. Mama alikuwa akinitania kwamba hata msibani nitamuuliza maiti amekufaje. Basi hoteli moja ya Diani iliponiambia nimepata kazi ya keshia, ila nilete kwanza ripoti safi ya CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, na ripoti ikatoka na mkopo wa simu uliokaa miaka mitatu bila kulipwa, sikulia. Nilitaka kumjua huyo mimi aliyekopa.

Deni lenyewe lilikuwa dogo. Wakopeshaji walilipeleka kwa wakusanyaji madeni, wakusanyaji nao wakashindwa, jina langu likatiwa kwenye orodha ya wasiolipa. Wakala wa simu pale Ukunda alinitazamia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Zilikuwa mbili. Hiyo ya pili niliikumbuka mara moja.

Niliisajili kwa ajili ya bibi mmoja wa Kipemba, jirani yetu kule Msambweni. Alizaliwa hapa na akazaa hapa, lakini serikali ya Kenya ilikuwa haijawatambua Wapemba kuwa raia, kwa hiyo hakuwa na kitambulisho. Huku kwetu mtu kama huyo husajiliwa laini na jirani, kama anavyoazimwa kinu, na hakuna kuandikiana.

Nikamwendea. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunipa kigoda.

"Bibi, uliwahi kukopa kwa simu?"

"Nilikopa, mwanangu. Mwenye duka ndiye aliyenibonyezea. Paa lilikuwa linavuja, nikanunua makuti."

"Mbona hukulipa?"

"Nilingoja waniulize, wasiniulize hata siku moja! Walikuwa wakipiga simu kukutafuta wewe, ati wewe ndiwe unayedaiwa. Nikawaambia, muogopeni Mungu, mtoto huyu namjua tangu anatambaa, hali cha mtu. Walipozidi kukusingizia, laini nikaitupa chooni."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe muda wote huo nilikuwa na wakili, tena wa bure! Lakini nilipomweleza kwamba laini ile ilikuwa kwa jina langu, kwa hiyo mkopo wake uliandikwa wangu, yeye hakucheka. Aliingia ndani akatoka na leso yenye fundo pembeni. Fedha zilikuwamo, zimekaa tangu mwaka ule, maana alikuwa akiogopa kufa na deni la watu. Nikaona haya kwa kicheko changu.

Tulilipa siku ile ile, riba nikaiongeza mimi. Nikadhani yamekwisha, na asubuhi yake nikawapigia wakopeshaji waniondoe kwenye orodha. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akanieleza kwamba deni likilipwa, ripoti husema limelipwa, tena kwa kuchelewa, na maneno hayo hubaki kwa miaka.

"Hayafutiki kabisa?" nikamuuliza.

"Yanafutika, kama si wewe uliyekopa. Jaza fomu ya malalamiko, umtaje aliyekopa kwa jina lako, uambatanishe na barua ya polisi."

Hoteli ilitaka ripoti isiyo na doa, na kazi ile niliitaka, nisiseme uongo. Nilichapisha fomu ile Ukunda, nikaijaza hadi penye swali la nani alikopa. Hapo nikakwama. Bibi alikuwa amepata kitambulisho mwaka uliopita tu, baada ya kungoja umri wake wote, na kila mgeni aliyeingia kwake alionyeshwa. Nilijiuliza polisi wangemwita jina gani, mwizi au mlaghai, na kama angeelewa kwamba ni mimi niliyewapa jina lake. Nikaikunja fomu, nikaitia motoni pamoja na kuni.

Kazi alipewa mwingine. Bibi bado huniuliza kila tukikutana nitaanza lini pale hotelini, nami humwambia wanakarabati.