Ponsiano wa Matiri, Niliyemwonea Wivu Mpaka Leo

Tumemzika jana na akili yangu bado inakataa. Ponsiano? Huyu huyu aliyenipigia Jumapili kuniuliza kama mvua imefika mjini?

Alianguka juzi asubuhi kwenye shamba lake la kahawa kule Matiri, na hospitali hakufika akiwa hai. Basi, ndiyo imekuwa hivyo.

Wengi mmeandika kwamba alikuwa mcheshi, mchapakazi, mtu wa watu. Kweli kabisa. Ila mimi rafiki yake nilimwonea wivu, na leo nasema.

Tulikutana miaka mitano iliyopita kwenye benchi la hospitali, Mbinga mjini. Mimi afisa ugani niliyehamishiwa huku kutoka Kondoa, yeye mkulima. Akaniuliza, "Bwana Shamba, unaumwa nini?" Nikasema mgongo. Akasema, "Hata mimi, mgongo."

Nesi akatoka na vikopo viwili. "Wale wa kipimo cha mbegu za kiume, njooni wote wawili!" Jamani! Benchi zima liligeuka.

Kwa kipimo cha marudio Ponsiano alilala kwangu, maana sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa bado na joto la mwili. Baridi ya Mbinga ya mwezi wa sita mnaijua. Tulitembea kila mmoja na kikopo chake kwapani, ndani ya koti. Tukakutana na mzee jirani yangu, tukamwamkia "Shikamoo" bila kumpa mkono. Sidhani kama alitusamehe.

Majibu yakatoka. Yeye mishipa ya korodani imevimba, inapasuliwa. Mimi mbegu hazikuonekana kabisa. Nikaambiwa niende mbali kwa wataalamu, huenda wakazipata kwa sindano, mimba ikatungwa maabara na mke wangu akapandikizwa.

Wivu ulianza hapo hapo. Tumekaa benchi moja, mwenzangu kapewa tarehe ya upasuaji, mimi nimepewa "huenda".

Mwaka uliofuata mtu wa kwanza ambaye Ponsiano alimpigia kuhusu mkewe nilikuwa mimi. "Winfrida ana mimba!" Nikasema hongera, nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Wiki ile ile nikawa field, kukagua mashamba ya Matiri. Kwenye kahawa ya Ponsiano nilitafuta chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha buni, mti kwa mti. Hakuna. Nikaandika kwenye ripoti, "Aongeze usafi wa shamba." Alisoma, akacheka, akanifungia mkungu wa ndizi.

Ubatizo wa mtoto sikwenda. Niliaga kwamba nina semina ya mihogo Chiwanda. Semina yenyewe haikuwepo. Nilikaa siku mbili kule ziwani nakula samaki mbasa wa kuchoma, nimenuna.

Mke wangu Zaituni alikwenda peke yake. Niliporudi akanihadithia, huku anachambua maharage, kwamba Ponsiano alichukua kipaza sauti katikati ya sherehe.

"Ndugu zangu, miaka saba mmemsema Winfrida. Mmempeleka kwa waganga, mmenitafutia na mke mwingine. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nimepasuliwa mimi. Mwenye neno aje kwangu."

Zaituni akasukuma ungo pembeni, akasema, "Nimemwonea wivu Winfrida."

Nikamwambia na sisi Mungu atatupa mtoto.

"Sijasema mtoto," akanijibu. "Nasema mume."

Nilimchukia Ponsiano miezi mizima. Mtoto anaye, na mdomo wa kusema anao! Aliponibana na mimi niseme hadharani, nikamwambia siwezi, watu watanicheka. Akasema, "Mimi walinicheka wiki moja, Bwana Shamba, wakarudi kwenye bei ya kahawa."

Jana msibani shangazi wa marehemu alimpakatisha Zaituni yule mtoto. "Mbebe, mwanangu, labda na wewe utafunguka." Wanawake wakamtazama tumbo. Zaituni akasema, "Asante, shangazi." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikaangalia viatu vyangu.

Usingizi wa jana sikuupata vizuri.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu wa Kondoa, majirani wa Mbinga, wafanyakazi wenzangu, wote mlio humu. Zaituni hana tatizo lolote. Vipimo vyake vyote viko sawa, na amejua hivyo tangu siku ya kwanza. Mama, zile dawa za mizizi ulizomletea alizinywa zote ili kunisitiri mimi mwanao. Mwenye tatizo ni mimi.

Mwezi ujao tunakwenda kwa wataalamu. Wakishindwa, wameshindwa kwangu, si kwake. Msimuulize tena "lini". Niulizeni mimi, namba yangu mnayo.

Ponsiano, nimechelewa. Ulitakiwa uisome hii, unipigie, unicheke kwanza ndipo unipongeze. Sasa nimebaki nakuonea wivu tu, maana wewe ulimsemea mkeo mbele ya watu, ukiwa umesimama. Mimi nimesubiri ufe ndipo niandike kwenye simu.

Lala kwa amani, kaka. Simu nampa Zaituni asome, akiridhika autume ujumbe huu yeye mwenyewe.