Senema ya Kijapani isiyo na mateke, na mama mkwe wangu

Wakuu, salamu. Mlio wadogo marahaba, msisumbuke kuniamkia. Mimi ni bibi, darasa la nne sikulimaliza, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Nimesoma humu mnavyozisema senema za zamani za Kijapani. Eti zinachosha, watu wanakunywa chai tu mpaka mwisho. Mlitaka wamwagiane?

Enzi za Ujamaa niliolewa Kariakoo, nyuma ya soko. Chumba chetu kilitazamana na cha mama mkwe, mwanamke wa Masasi, msafi kupita kiasi.

Nikiosha sufuria, anaiosha tena.

Nikifagia ua, anachukua fagio anafagia palepale. Hasemi neno. Na sabuni ilikuwa ya foleni, nyie hamjui.

Nikachoka. Nikafunga kanga zangu, nikamwambia mume wangu kesho narudi kwetu Mahenge. Akajifanya anasikiliza redio.

Jioni ile balozi wa nyumba kumi akapita kutangaza senema ya Kijapani, bure, ukumbini Mnazi Mmoja. Mtaa mzima ukaenda kutazama mateke. Mama mkwe naye akajitanda, akaja kukaa pembeni yangu.

Hakupigwa mtu hata kofi.

Kuna bibi anaishi na mwanawe na mke wa mwanawe. Wanavua viatu mlangoni, wanakula mkekani, kama sisi tu. Yule mke anaosha mabakuli. Bibi anangoja ageuke, anayaosha tena.

Wanawake tulicheka mpaka wanaume wakatunyamazisha. Mimi nilizidisha makusudi, wa pembeni yangu asikie.

Halafu yule mke akaondoka na sanduku lake. Hakugombana, aliinama tu mlangoni. Mume akamfuata. Bibi akabaki jikoni na bakuli moja, lake mwenyewe. Akaliosha mara moja, akaliweka.

Baba mmoja nyuma akauliza mateke yanaanza lini, akafokewa.

Tulipofika uani ndipo mama mkwe akasema, bila kunitazama:

"Yule bibi hakuwa na ugomvi na mabakuli. Alitaka kazi. Utakaaje kwa mwanao umekunja mikono kama mgeni?"

Nikaelewa si bibi wa Japani anayesemwa. Nikamwambia, "Basi kesho uoshe wewe, mama. Mimi nitasuuza."

"Utasuuza vibaya," akasema, akaingia kulala.

Mahenge sikwenda. Niliishi naye mpaka Mungu alipomchukua, na kusuuza kwangu hakukumridhisha hata siku moja.

Nilichojifunza: mzee akirudia kazi yako, usimwambie apumzike. Mwachie kazi moja iwe yake, kisha uvumilie mdomo wake. Na hizo senema za chai mzitazame mpaka mwisho, ugomvi wao uko mikononi.

Haya, wenye mama wakwe semeni yenu. Wa kunifundisha kuosha sufuria apite mbali.