Page za Mbele Tu

Apana, usiniambie ni fichier tu. Ulishanirudilia hiyo neno, na kila mara damu inanipanda mu kichwa. "Fichier tu, faili ya mu ordinateri, ndugu, hakuna mutu alikufa." Nani alikuambia asema mpaka mutu akufe njo tukasirike? Ikala pale. Nitakuelezea kutoka mwanzo, na ukinikata maneno nitaanza upya.

Yaya yangu, dada ule mukubwa mwenye alinibeba mu mugongo, alisoma mu inivesite moja hapa Bukavu. Miye sikusoma. Nyumba yetu iliweza kusomesha mutu moja, na ni miye mwenyewe nilisema akuwe yeye. Sijutie. Nilienda kufanya kazi mu sekretaria moja ya Kadutu, kanyumba ka mbao kenye ordinateri na imprimante, fasi wastudent wanaletaka kazi zao tuwaandikie. Hakuna mutu alinifundisha. Nilikuwa naangalia vidole vya mwenye sekretaria, na akienda kula, miye nabonyeza. Njo vile nilijua.

Na kule njo niliona huu ugonjwa mara ya kwanza. Student analeta memoire yake, kitabu cha kumaliza masomo, namuandikia, natengeneza mistari, natosha mu imprimante. Akishashika karatasi, anainama pa bega yangu:

"Sasa futa."

Nafuta.

"Futa na mu poubelle ya machine."

Nafuta.

"Fungua nione."

Unafikiri ilikuwa siri ya jeshi? Ilikuwa memoire ya maharagi ya Walungu, ndugu yangu! Maharagi! Mutu anaogopa wezi wa maharagi yenye kuandikwa. Zamani nilikuwa nacheka. Sasa sichekake tena.

Yaya yeye alichagua maji. Si ziwa, ziwa kila mutu anaipiga foto. Alichagua maji yenye inapita chini ya manyumba. Unajua vile Kadutu inapanda: mabati ya jirani wa chini iko sawa na mulango yako. Mvua ikinyesha, maji inatafuta njia, na ikikosa njia inakamata udongo inashuka nao. Yaya alitembea avenyu moja saison nzima ya mvua, na mabuti, anauliza mulango kwa mulango: maji inatokeaka wapi, ukuta ulianza kupasuka wapi, mbele wajenge hapa kulikuwa nini?

Kulikuwa maman moja, muuzaji wa sambaza, tule tusamaki twa ziwa, mu soko. Nyumba yake iko pale avenyu inakunja. Huyo njo alimupatia yaya kila kitu. Alimuingiza mpaka mu chumba, akasukuma kitanda, akamuonyesha fasi udongo unaloanaka hata kama ni saison kavu. Wewe unaweza kumuonyesha mugeni chini ya kitanda chako? Yeye alionyesha. Akasema baba mukwe wake alikuwa anachota maji pale pale, ilikuwa chemchemi, kisha watu wakajaza udongo juu, wakauzisha viwanja. Yaya akachora yote mu karte, ramani yake: maji inaingia hapa, inapita chini ya nyumba hizi, inatokea kule. Na akaandika bila kuzunguka: mukichimba mutaro fasi hii, mulima utapumua. Kama hamuchimbe, hizi nyumba zitashuka.

Maman akamuuliza, miye nikiwa pale kushika kamba ya kupimia:

"Na hiyo kitabu, mutoto yangu, sisi tutaiona?"

"Mutaiona, maman. Itakuwa mu telefone. Kila mutu atafungua."

"Haya. Juu wengine walikujaka hapa na makalamu, wakaandika, wakapotea kama moshi."

"Miye sitapotea."

Yaya hasemake mingi. Kelele yote ya famille niliichukua miye. Lakini yeye akisema kitu, amekisema.

Akasimama mbele ya jury, akashinda vizuri. Tulimumwangia poudre, vile tunamufanyiaka kila mwenye kushinda, mpaka akageuka mweupe kama unga. Maman wa sambaza alikuja na pagne mupya, akapiga vigelegele kushinda mama yetu mwenyewe.

Sasa najua utauliza: juu nini hawakuchukua tu copie wakaenda nayo kwa wakubwa, waombe huo mutaro? Walienda! Watu wa avenyu walienda mu biro moja ya serikali na memoire mu mukono. Miye niliisoma mbele yao, nikaonyesha karte. Mutu wa biro akaigeuza, akaangalia mugongo, akauliza:

"Hii mulitosha wapi?"

"Ni kazi ya inivesite, papa."

"Inivesite iko hapa? Miye naona karatasi ya sekretaria. Mu hizi sekretaria hata miye naweza kutoka docteur mbele ya kula midi."

Wenzake wakacheka. Akatunyoshea memoire yetu.

"Leteni yenye iko ku site ya inivesite. Nifungue mwenyewe, nitume kwa wakubwa wangu. Hapo tutaongea."

Huyo sikumukasirikia sana. Nilimukasirikia kidogo. Juu miye najua karatasi za uongo zenye zinatokeaka mu sekretaria.

Inivesite iko na depo yake ku internete. Waliifungua na hotuba na soda: asema kazi zote za watoto wa hapa zitawekwa mule, wazi, mutu yeyote asome bila kuomba ruhusa, akuwe Bukavu ao Ulaya. Kitu kizuri! Nasema kweli, kitu kizuri sana. Lakini kuweka kazi mule, inaomba sinyatire, sahihi ya profesere mwenye alikuongoza. Na profesere wa yaya alikuwa iko mu mukutano, kisha iko mu safari, kisha iko anapumzika juu ya safari. Yaya anaenda, anarudi. Anaenda, anarudi. Kisha siku moja akasinya. Yaya akapeleka kazi yote ku biblioteke mu kle USB, kutoka kava mpaka karte ya mwisho. Nilikuwa naye. Niliona kwa macho yangu fichier ikiingia mu machine yao, nzima.

Wakatuambia iko tayari. Nilishuka ile mulima nikikimbia, kumuambia maman.

Akaita majirani. Wakajaa pale mulangoni, binti yake akatosha telefone, na miye nikamuandikia adrese. Ikafunguka. Kava ikatoka, na jina ya yaya kwa herufi kubwa. Watu wakapiga makofi. Binti akasukuma na kidole: "Kwa Mungu Mwenyezi, kwa wazazi wetu wapenzi." Amen, wakasema. Akasukuma: shukrani. Na mule mu shukrani, jina ya maman, nzima, bila kosa.

"Ni miye!" maman akapiga kelele. "Ni miye huyu! Jirani, kuanzia leo sambaza yangu usiibishie bei, unaongea na mutu wa ku internete!"

Watu wakacheka. Binti akasukuma tena. Resime, maneno ya kazi kwa kifupi, ya kifaransa. Akasukuma tena. Hakuna kitu.

"Imeisha," binti akasema.

"Imeisha aje? Sukuma."

"Maman, nasukuma. Imeisha."

Maman akachukua telefone, akaisogeza mbele ya macho, akaisogeza mbali. Akaniangalia miye.

"Maji yangu iko wapi? Mutaro iko wapi? Papa, nilimupatia dada yako mpaka chini ya kitanda, na munanirudishia aksanti?"

Nikageuka pale pale.

Nilipanda ku biblioteke na moto mu moyo. Mutu wa depo, mupole kabisa, hata hakushituka.

"Petit, usipige kelele hapa. Njo kawaida. Profesere alituma neno: page za mbele tu."

"Kawaida ya nani?"

"Ya wote. Angalia."

Akageuza ekrani, akafungua kazi moja: kava, Mungu, wazazi, shukrani, basi. Akafungua ingine: kava, Mungu, wazazi, shukrani. Ingine vile vile. Depo nzima, ndugu yangu! Ni kama makaburi: jina ya mutu inje, na yeye mwenyewe iko chini. Mutu anatoka mbali kutafuta vile muhogo wa kwetu unaoza, anasoma vile mwandishi anashukuru mujomba wake. Na wanahesabu hizi ku ripoti yao asema ni kazi zenye kuwekwa wazi!

"Juu nini?" nikamuuliza.

"Juu ya wezi."

Tukaenda Muhumba, kwa profesere, nyumba yake. Mu njia yaya aliniapisha nifunge kinywa. Profesere akatupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Akatupatia viti, akaleta chai. Yaya akaongea polepole, akaelezea avenyu, biro, kitanda. Profesere akamusikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Mutoto yangu, wewe haujaibiwa. Miye niliibiwa. Niliacha kazi yangu ku biblioteke, mutu akapasua page, akaenda kuzitetea mu muji mwingine. Nilikuja kuziona na jina yake juu. Neno kwa neno. Na watu wakamupigia makofi."

Na miye nikavunja kiapo.

"Papa profesere, walikuibia juu ilikuwa imefungiwa! Copie moja, mu kabati moja, nani angejua ni yako? Kama ingekuwa wazi, na jina yako na tarehe yako, huyo mwizi angekamatwa mbele amalize kufungua kinywa."

Yaya akanifinya mu paja. Profesere akaniangalia, kisha akamuuliza yeye, kama vile miye niko kiti:

"Huyu ni nani?"

"Mudogo wangu."

"Anasoma wapi?"

"Hasome, profesere."

"Ah."

Hiyo "ah"! Mpaka leo iko mu sikio yangu kama mududu. Hakukuwa na matusi ndani, njo mubaya yake. Alifunga tu mulango polepole, mutu hata hasikie kitasa.

Akamuambia yaya wangoje. Wataandika article pamoja mu revue moja, gazeti ya wasomi, jina zao zote mbili, ikitoka njo watafungua memoire.

"Itatoka siku gani, profesere?"

"Hiyo wenye revue njo wanajua."

Tukatoka. Mu barabara nikamuambia yaya anipatie fichier, naitupa mu magroupe ya WhatsApp yote ya Bukavu, leo leo, mpaka kule mbali Mumosho waisome. Akasimama.

"Na biro itasema nini? Itasema ni ya sekretaria. Na ku kazi yenye kufuata, sinyatire nitaomba kwa nani? Kwako?"

"Basi unakubali?"

"Sijakubali. Sina njia. Usinipende kwa kunibomolea, tafazali."

Nikamufuata juu ni yeye. Mutu mwingine angeniambia vile, tungepigana pale pale.

Na mvua imeanza. Profesere hajasema kitu, revue haijasema kitu. Maman na majirani wamejaza mifuko ya udongo, wamepanga nyuma ya ukuta wa jikoni, pale pale ufa uko unapanda. Wanabeba udongo kuzuia udongo. Fasi ya kuchimba yaya aliiandika, iko mule, inajulikana, lakini mukono wa biro hautasogea bila hiyo page ku site.

Juzi tulipita kule na yaya. Nilingoja maman atutukane. Ningefurahi, kweli, matusi ningeyajibu. Hakutukana. Aliinua kichwa ku sahani yake ya sambaza, akasema, "Bonjour, madame," na akainamisha kichwa tena. Madame! Mutu mwenye alikuwa anamuita mutoto yangu. Yaya akajibu bonjour, akapita. Alitembea mpaka nyumbani bila kugeuka, na miye nilikuwa nyuma yake natafuta mutu wa kupiga, simuone. Juu aliahidi, unasikia? Aliahidi na kinywa chake, na wengine wamemugeuza moshi.

Kwa hiyo usiniambie ni fichier tu. Na wewe mwenye unasoma hii, wewe uko na diplome yenye kutundikwa mu salon: kazi yako, nani anaweza kuifungua leo?