Sumni ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye meza. Nilivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili. Moja ilikuwa mbovu, ya maonyesho tu. Msinicheke. Enzi za Mwingereza, kalamu mfukoni ilikuwa cheo, na kalamu mbili ni vyeo viwili.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika barua za watu, kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko la Arusha. Mwenye meza alikuwa mzee wa Pangani aliyewahi kuwa karani wa mahakama, na mji mzima ulimwita Karani Mkubwa. Alinipa karatasi niandike mistari kumi ya majaribio. Akaisoma, akavua miwani.

“Mkono wako mzuri,” akasema, “lakini una haraka. Unakimbilia wapi?”

Sikuwa na pa kukimbilia, ndiyo maana nilikuwa pale. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa shamba upande wa Momela, kazi ya kuita majina ya vibarua alfajiri kwenye ukungu na kuandika nani kaja na nani mgonjwa. Bwana Meneja wa shamba lile alikuwa na hasira za karibu. Asubuhi moja alinitupia daftari usoni mbele ya vibarua wote. Nililiokota, nikalifuta vumbi, nikamwekea mezani, nikaondoka kwa miguu. Nilijiapiza kwamba Momela sirudi, hata nile majani. Kiapo hicho mkiweke akilini, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini jambo la bei lilininyima raha namna ile.

Karani Mkubwa alinifundisha kazi taratibu. Kulikuwa na barua ya salamu, ya mtu na jamaa yake aliye mbali. Hiyo ilianza na anwani, ikafuata salamu, na salamu za Karani Mkubwa zilijaza ukurasa mzima kabla mtu hajasema anachotaka. Halafu kulikuwa na barua ya shauri, yaani ya malalamiko inayopelekwa Boma, na hiyo ilitakiwa iwe fupi. Mimi nilijifunza ufupi kwa aibu. Mzee mmoja wa Kiarusha aliniambia nimsalimie kwanza Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza aliyesikiliza kesi, kisha nimuulize hali ya ng'ombe wake na ndama zake, ndipo nitaje mpaka wa shamba. Nikaandika kama nilivyoambiwa. Baada ya siku chache nikaitwa Boma.

“Wewe ndiye unayeniulizia ng'ombe wangu?” akasema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. “Sina ng'ombe. Nina mbwa mmoja, na hajambo.”

Nilitoka pale nimelowa jasho, lakini kesi ya mzee ilisikilizwa.

Bei yetu ilikuwa sumni, yaani senti hamsini, nusu shilingi. Karatasi yetu, wino wetu, bahasha yetu. Stempu alinunua mwenyewe mteja. Jibu likirudi, mtu alikuja nalo na sisi tulimsomea bure palepale barazani. “Kuandika ni kazi,” Karani Mkubwa alikuwa akisema, “kusoma ni hisani.” Nami nililichukua neno hilo kama lilivyo, sikuligeuza hata mara moja.

Miaka ikaenda. Baridi ya Arusha ikamshika mzee kifua, akarudi kwao Pangani, akaniachia meza, kiti na wateja. Nililia siku aliyoondoka, sioni haya kusema. Nilidhani maisha yangu yamenyooka.

Haukupita muda, mwenye duka akaniita ndani. Alikuwa Mhindi mtaratibu, hakuwahi kunipandishia sauti, na watu walimwita Bwana Duka.

“Karani, kila kitu nilichonacho humu kimepanda,” akasema, huku akikunja kitambaa. “Baraza nayo ni sehemu ya duka. Kuanzia mwezi ujao kodi ni mara mbili.”

“Bwana, utaniua.”

“Sitaki ufe. Nataka upandishe bei yako, kama mimi.”

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Karatasi nayo ilikuwa imepanda, na wino, na mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Nilipiga hesabu mpaka kichwa kikauma. Kwa sumni, meza ile ilikuwa haifiki mwisho wa mwaka, na baada ya meza ilikuwa Momela na daftari la Bwana Meneja. Kwa hiyo barua lazima iwe shilingi. Lakini wateja wangu walikuwa akina mama wa ndizi na maharage, vibarua, wazee wa ng'ombe. Nikiwatajia shilingi watakwenda kwa mwandishi wa upande wa pili wa soko, ambaye bado alikuwa kwenye sumni na alikuwa akinichekea kwa mbali.

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Nilikuwa naona haya kumtajia mtu bei mpya usoni. Nikaenda kwa Singasinga mmoja fundi wa rangi, akanitengenezea kibao kizuri ajabu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: KUANZIA SASA BARUA NI SHILINGI MOJA. Nikakitundika juu ya meza, nikakaa chini yake na suruali yangu ya pasi, nikangoja dunia inielewe.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Elirehema wa Nduruma, mwanamke mrefu, mkavu, aliyeuza maharage sokoni na ambaye hakuna mwanamume aliyewahi kumshinda kwa maneno. Nilimwandikia barua yake, akaweka sumni mezani, akainuka.

“Mama, samahani,” nikasema, nikaonyesha juu.

Akakitazama kibao. “Kizuri. Hongera. Kinasemaje?”

“Kinasema barua ni shilingi.”

“Kinamwambia nani?”

Nikakitazama kibao na mimi.

“Nakuuliza, Karani. Mimi ningejua kusoma kibao, kwako ningekuja kufanya nini?”

Wabeba mizigo waliokuwa wamekaa barazani walicheka mpaka mmoja akaanguka. Mama Elirehema hakucheka. Aliacha sumni yake, akachukua barua yake, akaenda. Habari ikatembea sokoni kwamba Karani ameandikia watu wasiosoma kwamba hawezi tena kuwaandikia, na kuanzia siku ile meza yangu ikawa makao ya nzi. Wateja nikawaona kwa macho yangu wakivuka kwenda upande wa pili. Wiki ya kwanza nilijifanya nasafisha kalamu. Ya pili sikuwa na cha kusafisha. Niliogopa, jamani. Usiku nilikuwa naisikia sauti ya Bwana Meneja.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Mimi ni mtu wa Machame, yeye Mmeru, na hasira yake ni ya polepole lakini ikifika inafika.

“Wewe umewaambia lini?” akaniuliza.

“Si kibao kipo!”

“Kibao! Kwenu Machame mahari inabandikwa ukutani? Huku kwetu jambo la watu linakaliwa. Unakwenda kwao, huendi mikono mitupu, unakaa, unasema, wanakutukana kidogo, mnaelewana. Umewapandishia bei kama serikali inavyopandisha kodi ya kichwa, unataka wakupende?”

Basi Jumapili baada ya ibada nikashuka Nduruma na kilo ya sukari na majani ya chai, mpaka uani kwa Mama Elirehema. Nikakuta alishapata habari kwamba nakuja, na wanawake wenzake wa sokoni wamejaa, pamoja na wazee wawili wa ukoo waliokaa kwenye vigoda kama mashahidi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Karani. Karibu. Umekuja bila kibao?”

Nikakubali kuchekwa. Chai ikapikwa kwa sukari yangu mwenyewe, ndipo nikaruhusiwa kusema. Nikaeleza kodi, karatasi, wino. Nikaeleza hata mimba ya mke wangu.

“Hayo ni yako,” akasema mwanamke mmoja. “Maharage yangu yakiliwa na funza, mnunuzi ananiongezea?”

“Kwani hiyo kalamu ina dhahabu?” akadakia mwingine.

Mzee mmoja akasema sumni ni bei waliyoikuta na Karani Mkubwa, naye alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Nilianza kukasirika. Nikajibu kwamba Karani Mkubwa yuko Pangani, na kama sumni yenu ni tamu, mwandishi wa upande wa pili yupo, nendeni. Nikainuka kabisa.

“Kaa,” akasema Mama Elirehema. “Tumeshakwenda. Anaandika vizuri. Lakini jibu langu la mwisho alinisomea barazani kwake, kwa sauti ya mnadani, na kabla sijafika kwenye maharage yangu watu wananipa pole ya deni la mwanangu.” Akanitazama. “Na wewe usijione. Na wewe unasoma hivyohivyo. Mbiombio, watu wamekuzunguka, maana ni bure. Cha bure huwezi kumwambia mtu asome tena.”

Nikakaa tena. Ilikuwa kweli tupu.

“Sumni ya kuandika tunaijua,” akaendelea. “Unataka sumni ya pili? Iwe ya jibu. Likija, unasoma ndani, mlango umefungwa. Unasoma mara mbili, taratibu. Nikikwambia rudia pale, unarudia. Na ukitoka humo ndani, hukusoma kitu. Hapo nitakupa shilingi yako, na hawa wote watakupa.”

Wazee wakatazamana, wakaitikia. Nikasema sawa. Tukanywa chai nyingine, ya makubaliano.

Nyie mnaoishi kwa kalamu siku hizi, mkiniuliza namna ya kuongeza malipo, jibu langu ni uani kule Nduruma. Mimi nilikwenda kuomba bei mpya kwa kazi ileile. Wao walinipa kwa kazi ambayo nilikuwa naifanya ovyo, nikiiita hisani.

Bwana Duka alinipa kona kwenye stoo, katikati ya majora ya khanga na marekani, na hapo ndipo nilipofanya kazi yangu halisi. Mke wangu alikichukua kibao akafunikia pipa la maji. Jibu likija, nililisoma kwanza moyoni, ili nisikwame mahali pabaya. Kisha kwa sauti ya chini. Kisha tena. Nilisoma ndoa, misiba, vifungo, watoto waliozaliwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga na bandarini Mombasa. Kuna mzee alinirudisha kwenye mstari mmoja mpaka nikaujua kwa moyo, na nje nilipotoka, sikusoma kitu. Wateja waliokwenda upande wa pili walirudi, na wakaja na wengine kutoka Lemara na huko milimani. Momela nilibaki kuiona kwa mbali tu, ukungu ukipanda. Baadaye nilipandisha tena bei mara kadhaa, na kila mara nilikwenda kukaa nao kwanza, na sukari yangu mkononi.

Mama Elirehema naye alilipa shilingi nzima papo hapo, sumni ya barua na sumni ya jibu. Barua yake ya kwanza kwa bei mpya ilikwenda kwa huyo Elirehema, mwanawe mwenye deni, aliyekuwa Mombasa na alikuwa amehama anwani mara mbili. Ilikuwa barua fupi. Alimwambia deni la watu limelipwa, asiogope, arudi.

Jibu halikuja. Tukaandika nyingine, nayo nikakataa kulipwa, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa haijamaliza kazi. Kila siku ya soko alipita mezani akiwa na kikapu kichwani.

“Posta wanasemaje, Karani?”

“Bado, mama.”

“Haya. Mimi nipo.”

Miaka mingi tukasema hivyo, hadi ikawa kama salamu yetu. Sikuwahi kumwambia maneno ya kumfariji, maana nilimwona hayataki.

Uhuru ulipokaribia, shule zilikuwa zimeenea, na watoto wa wateja wangu waliwaandikia mama zao barua mezani nyumbani. Sikununa. Niliona kazi yangu imekwisha kwa heri, nikamshukuru Bwana Duka, nikaagana na Posta, nikauza meza. Usiku wa mwisho niliwapitia wateja wote kichwani, nikaona kila jibu lililokuja nimelisoma, na sidaiwi na mtu. Isipokuwa mmoja.

Nikashuka Nduruma. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, mgongo umeinama sasa, macho yaleyale. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia kwamba nimefunga meza, kwamba alinilipa sumni ya jibu na sikumsomea jibu, na mtu akistaafu hurudisha kisicho chake. Nikamwekea sumni kwenye ungo.

Mikono yake ikaacha kuchambua.

“Ichukue,” akasema.

“Mama, si haki yangu.”

“Ichukue, Karani. Mimi nikiipokea hii, nitakuwa nimekubali kwamba haandiki tena.” Akaiokota kwenye ungo, akaniwekea kiganjani. “Umestaafu meza. Macho hujastaafu. Likija nitakuletea nyumbani.”

Nililia mbele yake kama mtoto, naye akanipa maharage ya kumpelekea mke wangu. Sumni nikairudisha mfukoni.

Vijana huniuliza kama kweli nimestaafu, mbona kila mwaka nakwenda kupimwa miwani. Nawaambia bado nina barua moja ya kusoma, na ilishalipiwa.