Mbuzi wa Matanga ya Lodio

Wingu likikaa tu juu ya milima ya Nyambene, Nakolong alikuwa anaacha kazi yoyote aliyo nayo mkononi, anachukua mwavuli, anakwenda kumtoa mwalimu darasani. Mwalimu mwenyewe ni Nakal, binti yake wa miaka thelathini na moja, na shule ni ile ya chekechea hapo hapo mtaa wa Kiwanjani, Isiolo, karibu na mlango wake. Watoto walishazoea. Wakiona kile kichwa cha mama mzee kilichonyolewa kimetokea dirishani, walipiga kelele kwa furaha: "Mwalimu! Mama yako amekuja kukuchukua!"

"Mama, hapa hakuna mvua," Nakal alikuwa akisema.

"Mvua iko Meru. Maji ndiyo yanakuja hapa. Toka."

Na kusema kweli hapo Nakolong alikuwa hakosei. Laga ya huku kwetu, ule mto wa mchanga usio na maji, hujaa jua likiwa linawaka kabisa. Mchanga ni mkavu, watu wanapita, halafu unasikia sauti kama lori, na ukigeuka hakuna lori.

Miaka ishirini na mbili iliyopita Nakolong alikuwa na watoto wawili: Lodio wa miaka kumi na mmoja, na Nakal wa miaka tisa. Alasiri moja mbuzi mdogo akapotea. Nakolong akamwambia Lodio asirudi nyumbani bila huyo mbuzi. Mtaa mzima ulisikia, maana sauti ya Nakolong haikuumbwa ya chumba kimoja. Lodio akashuka laga. Maji yakaja. Jioni yule mbuzi mdogo akarudi peke yake, mkavu, akilia apewe maziwa.

Kwa desturi ya Waturkana, mama aliyefiwa anavua shanga zake, ananyoa nywele, na nyumba inakaa matanga. Ikifika wakati, wazee wanachinja mbuzi wa kumaliza matanga, watu wa nyumba wanapakwa kifuani zile nyasi za tumboni mwa mbuzi, mama anavaa shanga tena. Mpaka hapo, hakuna mtu wa nyumba hiyo anaoa wala kuolewa.

Mbuzi alichaguliwa, yule yule aliyerudi mkavu. Wazee wakaja na kisu. Nakolong akasema, "Bado."

Wakarudi baada ya miezi mitatu. "Bado."

Wakarudi mwaka uliofuata. "Nimesema bado! Kwani nyinyi mnasikia njaa?"

Mumewe alichoka na hiyo bado. Akasema anaenda Lodwar kutafuta ng'ombe, akapata mke. Mbuzi naye akazeeka, akafa kifo chake mwenyewe, Nakolong akamweka mtoto wa mbuzi huyo mahali pake. Huyo naye akafa, akawekwa mjukuu. Huyu mjukuu alikuwa beberu mwekundu, mnene, mwenye shingo kama ya mchungaji wa kanisa. Alikula pumba, maganda ya ndizi na ugali wa jana uliolainishwa kwa maziwa. Mwezi wa saba, baridi ikija, alifunikwa blanketi.

Nakal alilelewa vivyo hivyo. Aliogeshwa kwa kikombe, kwa sababu karai lina maji mengi. Kuvuka laga alibebwa mgongoni mpaka darasa la saba, miguu yake ikiburuta kwenye mchanga. Wanaume walipoanza kuja, wa kwanza alikuwa askari wa jeshi, mtu mwenye adabu zake.

"Nyumba iko na matanga," Nakolong akamwambia.

"Pole sana, mama. Ni nani amefariki?"

"Mwanangu."

"Lini, mama?"

"Huyu Nakal akiwa darasa la tatu."

Askari alimwangalia Nakal, mwanamke mzima amebeba sinia ya chai, akahesabu kichwani, akavaa kofia yake. Baada yake walikuja wengine wawili. Wote walikunywa chai, wote wakatakiwa safari njema.

Halafu beberu akapata kikohozi.

Nakolong hakulala. Asubuhi alikwenda mwenyewe ofisi ya mifugo, akamshika daktari mkono, akamleta mpaka nyumbani. Daktari aliitwa Irungu, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja. Alimdunga beberu sindano, akasema atarudi kumwangalia. Akarudi. Beberu alikuwa amepona. Akarudi tena, akarudi mara ya nne na ya tano, na kila mara ni Nakal aliyemshika beberu pembe. Nakolong aliwaambia majirani kwamba serikali siku hizi imeanza kujali mbuzi.

Siku Irungu alipohamishiwa Garbatulla ndiyo mambo yakatoka nje.

"Mama," Nakal akasema, "Irungu anataka kuleta watu wake."

"Nyumba iko na..."

"Najua nyumba iko na nini! Nimekaa ndani yake." Nakal aliweka kikombe chini. "Mtaa mzima wanakuita Mama Lodio. Mimi niko hapa miaka yote hiyo, napika, nafua, naletewa mwavuli. Hakuna hata mtu mmoja anakuita kwa jina langu. Ni kama mimi ndiye nilibebwa na maji."

Nakolong alikiokota kile kikombe, akakipangusa kwa nguvu.

"Walete," akasema. "Watakunywa chai, nitawaambia bado, wataenda."

"Wakienda, mama, mimi naenda na wao. Na sitarudi kukaa matanga tena. Hata ya kwako."

Maneno hayo Nakolong aliyabeba wiki nzima, kwenye kuteka maji, kwenye kupepeta pumba. Akisema ndiyo, Lodio ameisha kabisa. Akisema bado, Nakal ataondoka asirudi.

Jumamosi wageni wakafika kwa pikapu. Msemaji wao alikuwa Mzee Ndegwa, mjomba wa Irungu, aliyevaa koti zito la baridi ya Nyeri na hakulivua hata jua la Isiolo lilipompika. Walileta kondoo na mbuzi jike, kama Wakikuyu wanavyofanya wakienda kuomba msichana, na beberu mmoja mweupe wa kuchinja. Wote wakafungwa nyuma ya nyumba, kando ya beberu mwekundu. Upande wa Nakolong alikuwepo kaka yake Lotukoi, ametoka Ngaremara na fimbo yake na kigoda chake.

Ndegwa aliomba kisu akaenda nyuma na vijana wawili kuanza kazi ya nyama. Ndani, Nakolong alikuwa amemkalia Irungu mbele.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Wanaojua ndio wanaingia majini. Garbatulla utakaa wapi?"

"Nyumba ya serikali, mama. Iko juu."

"Juu kiasi gani?"

"Juu... kama kanisa."

"Mlango unaangalia wapi?"

Irungu alikuwa anajaribu kukumbuka mlango unaangalia wapi, Ndegwa akaingia. Mikono ilikuwa na damu, na macho, ajabu, yalikuwa na machozi. Akasimama katikati ya chumba akavua kofia.

"Mama Lodio," akasema, "mimi nimetembea na watu kuomba wasichana Murang'a, Kiambu, mpaka Narok. Heshima kama hii sijaona. Kwetu, mnyama wa kufungwa nyumbani, akalishwa kwa mkono mpaka akanona namna hiyo, anawekewa wakwe. Lakini siku hizi nani anafanya? Watu wananunua sokoni asubuhi. Na wewe umetuwekea mmoja miaka mingi hivyo! Ningemwacha nichinje wetu, ingekuwa ni kukutukana."



"Mzee," Irungu akauliza polepole, "umechinja yupi?"

"Yule mwekundu, si ndiye?"

Irungu akashika kichwa. Yeye ndiye aliyemponya kikohozi.

Nakolong alikuwa ameshatoka nje. Alimkuta beberu amelazwa juu ya majani ya mgomba, kamba bado iko shingoni. Akasimama. Mdomo ulifunguka, na kwa mara ya kwanza mtaa haukusikia kitu.

Lotukoi alimfuata, akaangalia, akaegemea fimbo yake, mabega yakaanza kutikisika.

"Dada yangu," akasema, "wazee wa Waturkana wamekuja hapa miaka ishirini na mbili wakashindwa. Mkikuyu mmoja amemaliza kabla ya chai."

"Hajamaliza kitu! Hii haihesabiki. Hakuna mtu amesema neno. Amechinjwa kama wa hoteli!"

Lotukoi akaacha kucheka. "Ni kweli. Ukisema haihesabiki, haihesabiki. Tutatafuta mwingine. Ni wewe tu."

Nakal alikuwa mlangoni. Begi lake lilikuwa limesimama nyuma yake.

Pale kwenye majani, kazi ilikuwa inaendelea. Ndegwa, ambaye alijua amekosea lakini hakujua ni kwa kiasi gani, aliona afadhali mikono iwe na shughuli. Akapasua tumbo, akakusanya zile nyasi zote kwenye beseni, akaanza kwenda nalo shimo la taka.

"Wewe!" Nakolong akanguruma. "Unapeleka wapi hiyo?"

"Shimoni, mama."

"Shimoni! Yaani unachinja vibaya, halafu unatupa kile kitu chenyewe! Kwenu mnafundishwa na nani? Weka chini. Hapana, si hapo, hapa. Na hiyo ngozi unavuta kama unavua mtoto sweta! Lotukoi, mwonyeshe. Toka, mzee, toka na koti lako!"

Akapiga magoti, akaingiza mikono kwenye beseni kuonyesha mambo yanavyofanywa, na akainua konzi mbili za nyasi za joto. Hapo akajiona. Watu wote walikuwa wakimwangalia.

Nakal akaja, akapiga magoti mbele yake, akafungua kifungo cha juu cha gauni.

"Nilimwambia asirudi bila mbuzi," Nakolong akasema. Alisema kwa sauti ndogo ambayo Nakal hakuwahi kujua mama yake anayo.

"Nilikuwepo, mama. Nilisikia."

"Aliniogopa."

"Hakukuogopa. Alikuwa anakuiga sauti njiani, tukicheka. Alicheka mpaka tukaachana."

Nakolong alizikaza zile nyasi mikononi. Miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuizungumzia siku ile mbele yake.

"Lotukoi," akasema hatimaye, "sema maneno. Na usiyafanye marefu."

Lotukoi akayasema, marefu, na Lodio akatajwa mara nne. Nakolong akampaka binti yake kifuani, akajipaka mwenyewe. Halafu akamgeukia Ndegwa.

"Na wewe. Umeua, utapakwa."

"Mama, koti hili ni la..."

Akapakwa na koti lake.

Shanga zilipotolewa sandukuni uzi ulikuwa umeoza, zikamwagika sakafuni zote, na wazee wa Nyeri wakatambaa chini ya viti wakiziokota kwa kofia. Nakal alizitunga upya pale pale, zikatosha mikufu mitatu.

Nyama ikaletwa. Beberu alikuwa amelishwa vizuri, lakini miaka ni miaka. Ndegwa alitafuna, akapumzika, akatafuna tena. Irungu alikitoa kipande chake mdomoni kwa heshima akakificha chini ya ugali. Lotukoi aliuliza kama wamepika mbuzi au kamba yake.

Lakini ni mama aliyefiwa ndiye lazima ameze, la sivyo hakuna kilichoisha. Nakolong alibaki na meno sita. Alikataa akatiwe kipande kidogo, akakataa mchuzi, akamkemea Nakal aliyetaka kumpelekea maji. Alitafuna, shanga zikipanda na kushuka shingoni, wageni wakimtazama, chai ikipoa vikombeni.

Kisha akameza.